Tusimcheke mwogeleaji wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Hapa Bukene, likizuka zungumzo la Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hakosekani wa kucheka kwamba Ndugu Sophia Latiff hakuvuka mchujo wa mita 50 mtindo huru kwa wanawake. Mimi simuungi mkono anayecheka.

Mbio hizo ni urefu mmoja tu wa bwawa la Olimpiki, hakuna kugeuka. Sarah Sjöström wa Sweden alishinda kwa sekunde 23.71. Ukichelewa kuruka, huna pa kufidia. Kuruka huko hujifunzwa bwawani, mbele ya mwalimu, miaka nenda miaka rudi.

Je, shule zetu ngapi za serikali zina bwawa? Kwetu maji ya kuoga tunayahesabu kwa ndoo. Msichana wa hapa huona maji mengi wakati wa mvua tu, lambo linapojaa, nasi wazazi tunamkataza kusogea kwa kuwa hajui kuogelea. Wavulana hujifunza kwa kuiba. Mtoto akizama, mama yake hubaki ukingoni akipiga mayowe, kwani naye alikatazwa hivyo hivyo.

Nashauri wahusika waanzie Mwanza, inakoishia reli ipitayo hapa kwetu. Ziwa lipo. Wawafundishe kwanza walimu wa kike wa shule za msingi, kisha warudi huku kwenye malambo yetu, na wazazi tuwepo. Nina mabinti wawili, nitawaleta mwenyewe.

Msomaji wako,
Bukene, Nzega.