Kazi ya Nyumbani Inayomaliza Mfuko

Kijana wa Adungosi, kati ya Busia na Malaba, hahitaji kuvuka mpaka ili atapeliwe, simu yamtosha. Ujumbe waingia WhatsApp: kazi ya nyumbani, saa mbili kwa siku, malipo kila jioni. Mwanzo hulipwa mia chache kweli. Kisha huambiwa aweke elfu kadhaa ili apandishwe daraja.

Mwaka 2022 Wakenya wengi walilizwa na programu ya Amazon Web Worker Africa, iliyojipachika jina la kampuni kubwa ya Marekani. Malipo ya kwanza ndiyo chambo: aliyelipwa huwa mpiga debe kwa ndugu na jirani, na tapeli huingia nyumbani kupitia mtu tunayemwamini.

Tusimcheke aliyeibiwa kwa "tamaa mbele, mauti nyuma". Wengi si tamaa, ni ukosefu wa kazi.

Kipimo ni kimoja: mwajiri hulipa, halipwi. Ukiombwa ada ya usajili, ya mafunzo au ya kutolea mshahara wako, achana naye. Kama umeshatuma kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo, kabla pesa hazijatolewa, kisha ripoti polisi. Ukinyamaza kwa kuona haya, kesho ataibiwa jirani yako.