Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Utafiti Aulizwe

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, mwenye shida apewe msaada, asingojewe mpaka aombe. Hata hivyo, liko jambo ambalo mgonjwa hana budi kuulizwa, nalo ni utafiti unaohusu maradhi yake mwenyewe.

Mtu aliyeumia ubongo, awe askari aliyerushwa na mlipuko huko Somalia, ambako jeshi la Burundi lilianza kutumikia mwaka 2007, au kijana aliyeanguka na pikipiki hapa Ruziba katika barabara iendayo Rumonge, huweza kuonekana mzima. Kovu limefunga, kumbe kumbukumbu imepungua, usingizi umepotea na hasira zi karibu. Majirani humwita mlevi au mvivu. Mara nyingi mambo hayo hayaonekani katika picha ya kichwa. Ayajuaye ni mgonjwa na watu wa nyumbani mwake.

Utafiti una manufaa makubwa. Mwaka 2004, matokeo ya uchunguzi wa majeruhi 10,008 yalionyesha kwamba dawa za kotikosteroidi, walizokuwa wakipewa walioumia kichwa kwa miaka mingi, ziliongeza vifo. Lakini kuhesabu waliokufa na waliosalia hakutoshi. Nani atakayeeleza kama aliyesalia aweza kurudi lindoni, au kutumwa sokoni asisahau njia?

Mfano tunao hapa hapa Bujumbura. Mwaka 1993 Bibi Jeanne Gapiya-Niyonzima alianzisha chama cha ANSS cha kuwasaidia wenye virusi vya Ukimwi, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mgonjwa akawa msemaji wa jambo lake. Tena, Oktoba 2024, Chama cha Madaktari Duniani kilirekebisha Azimio la Helsinki la mwaka 1964, kikataka wanaofanyiwa utafiti na jamii zao washirikishwe kabla, wakati na baada ya kazi hiyo.

Basi, mtafiti akibisha hodi, mkaribisheni na kumwuliza: Unatafuta nini? Maswali haya mliyatunga pamoja na wagonjwa? Majibu mtatuletea? Mgonjwa ana haki ya kukataa au kujitoa, na matibabu yake yasipungue. Nawe mama, usimjibie mumeo aliyeketi papo hapo. Msaidie kukumbuka, kisha umwache aseme.