KONA YA MASOMO: Kinachofuatana siyo lazima kiwe chanzo

Mtihani wa kufikiri unaweza kuuliza hivi: "Huko Kigali, wanaokaa karibu na bonde la maji wanaugua sana malaria. Basi hewa ya bonde ndiyo inaleta malaria." Ni kweli?

Zamani Ulaya waliamini hivyo. Jina malaria ni la Kiitaliano, yaani hewa mbaya. Kumbe mwaka 1897 Ronald Ross, kule India, alikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Bonde linazalisha mbu tu.

Mwanafunzi ajiulize: hakuna kitu cha tatu hapo katikati? Na sisi nyumbani, mtoto akishikwa na homa, tusimsingizie jirani uchawi. Tumpeleke kituo cha afya mapema, apimwe.

Tukutane mwezi ujao.