UCHAMBUZI: Kibao cha 'bidhaa hairudishwi' si sheria, wazazi wadai haki yao

KILA Januari shule zinapofunguliwa, maduka ya sare kote nchini hufurika wazazi. Foleni huwa ndefu, pesa huwa chache na muda huwa mfupi. Mzazi hukabidhiwa sweta, huipima kwa macho kwenye mgongo wa mwanawe, hulipa, kisha hukimbilia duka la vitabu.

Kabla ya muhula wa kwanza kumalizika, sweta ile ile huwa imegeuka kichekesho. Viwiko vimekuwa wazi kama chujio, mikono imelegea na kuning'inia hadi vidoleni, na mshono wa begani umefumuka. Rangi nayo imepauka hadi mwanafunzi anafanana na wa shule jirani.

Mzazi anapoirudisha dukani, muuzaji hamjibu kwa maneno mengi. Humwonyesha tu kibao kilichoangikwa juu ya kaunta: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Mzazi hunywea, hutoka, na mara nyingi huishia kununua sweta nyingine ya aina hiyo hiyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kibao hicho si sheria ya nchi. Ni matakwa ya mwenye duka tu.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia anapopata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa. Haki hiyo haikuwekewa bei ya chini. Anayenunua sweta ya Sh600 analindwa sawa na anayenunua gari.

Hata kabla ya Katiba hiyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo tulirithi kutoka kwa Waingereza enzi za ukoloni, ilikuwa imeweka sharti kwamba bidhaa iwe na ubora unaostahili kuuzwa, na ifae kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Sweta ya shule inanunuliwa ili ivaliwe siku tano kwa wiki na kufuliwa kila mara. Ikifumuka baada ya kufuliwa mara tatu, ni vigumu kusema kwamba imefaa kazi hiyo.

Kasoro ya sheria hiyo ya zamani ni kwamba iliruhusu pande mbili kukubaliana kuliondoa sharti hilo, na hapo ndipo vibao vya madukani vilipopata nguvu. Lakini Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya 2012 iliufunga mlango huo. Muuzaji hawezi tena kujivua wajibu wa ubora kwa kuandika tangazo ukutani au nyuma ya risiti.

Iweje basi haki iliyo bayana namna hii isiwafae kina yahe?

Sababu ya kwanza ni udogo wa pesa zenyewe. Tuchukue mfano wa mzazi anayeishi Kinangop aliyenunua sweta ya Sh800 mjini Nairobi. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku nzima ya kazi iliyopotea, huenda ikazidi bei ya sweta. Mfanyabiashara mjanja anaijua hesabu hiyo vyema kuliko mteja wake.

Sababu ya pili ni ukosefu wa ushahidi. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wazazi wengi hawadai risiti, au huitupa kabla ya kufika nyumbani. Anayelipa kwa simu ana afadhali, kwa kuwa ujumbe wa malipo huonyesha tarehe, kiasi na aliyelipwa. Asiufute.

Sababu ya tatu ni kuchelewa. Sheria inamtaka mnunuzi akatae bidhaa mbovu katika muda wa kadiri. Anayeendelea kumvisha mtoto sweta iliyofumuka hadi Agosti, kisha akadai pesa zake, atakuwa amejidhoofishia kesi mwenyewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Haki inatudai pia tumsikize mfanyabiashara. Si kila sweta iliyoharibika ilifumwa vibaya. Sufu halisi ikiloweshwa katika maji moto husinyaa. Uzi wa akriliki, ambao ndio unaotumiwa katika sweta nyingi za bei nafuu, hauvumilii pasi yenye moto mkali. Sweta iliyosuguliwa kwa brashi ngumu na kuangikwa kwenye waya ikiwa imelowa maji hurefuka hata kama fundi wake ni hodari. Wala vinundu vidogo vya nyuzi vinavyojitokeza makwapani si ithibati ya ulaghai kila mara.

Hata hivyo, zipo dalili zinazoelekeza lawama kwa mtengenezaji. Mshono kufumuka kwa kuwa kingo hazikushikizwa vyema, vitanzi kuachana pasipo kukwaruzwa na kitu, rangi kuvuja na kuchafua shati katika ufuaji wa kwanza, na ukosi kupoteza mnato wake katika wiki chache, haya si makosa ya mfuaji. Yanatokana na uzi hafifu na ufumaji uliolegezwa ili kubana gharama.

Sheria ya zamani inamtahadharisha pia mnunuzi aliyekagua bidhaa: hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungeifichua. Kwa hivyo mzazi aigeuze sweta nje ndani na kutazama mishono. Aivute pindo kisha aiachilie aone iwapo itarudi. Ainyanyue kwenye mwanga; ikiwa anaona upande wa pili kwa urahisi, ajue ufumaji ni mwepesi. Kasoro ambayo jicho halingeweza kuiona dukani, kama uzi usiostahimili maji, inabaki kuwa mzigo wa muuzaji.

Aidha, mzazi aulize sweta imefumwa kwa uzi gani. Muuzaji akisema ni sufu ilhali ni akriliki, huo ni udanganyifu unaokatazwa na sheria ya 2012. Uzi mmoja ukichomwa kwa kiberiti, sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kuna upande mwingine ambao hauzungumzwi vya kutosha, nao ni shule zenyewe. Wizara ya Elimu imewaonya walimu wakuu mara kadhaa dhidi ya kuwalazimisha wazazi kununua sare katika duka moja, lakini mtindo huo haujakoma. Mzazi aliyeelekezwa duka moja hana uwezo wa kumhama muuzaji mbaya, naye muuzaji aliyehakikishiwa wateja hana sababu ya kununua uzi bora. Shule inayowachagulia wazazi duka haifai kunawa mikono sweta zinapofumuka.

Lakini papo hapo pana silaha ya mzazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sweta moja ya Sh800 ni malalamishi madogo, bali sweta 40 za darasa moja, zilizonunuliwa duka moja na kufumuka mwezi mmoja, ni dai la Sh32,000 na ni ushahidi usiopuuzika. Haiwezekani kwamba wazazi wote 40 hawajui kufua. Sheria ya 2012 inawaruhusu watumiaji kuwasilisha kesi kwa niaba ya kundi lao.

Njia yenyewe si ngumu. Wazazi wakusanye sweta, risiti na picha, kisha wamwandikie muuzaji barua wakitaja kasoro na wanachodai: kurudishiwa pesa au kupewa sweta bora. Asipojibu, wanaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, au kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) iwapo bidhaa haijafikia viwango.

Hatua ya mwisho ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mlalamishi anaruhusiwa kujiwakilisha bila wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa katika siku 60.

Mwezi wa Julai baridi ya Limuru na Nyahururu huwa haina huruma. Mtoto anayekaa darasani na sweta yenye viwiko wazi hatetemeki kwa sababu mzazi wake hakulipa. Alilipa, na pengine alilipa mara mbili. Pesa hizo ni haki yake, na kibao cha ukutani hakina uwezo wa kumnyima.