Kabla ya lugha yao, jifunze tarakimu zao

Swali ninaloulizwa kuliko yote wala si la kutuma pesa. Ni hili: "Mhasibu, nianze na Kiarabu au Kiingereza?" Jibu langu huwaudhi baadhi ya watu: usianze na chochote kati ya hivyo. Lugha ni nzuri, jifunze ukipata nafasi, ila itakuchukua mwaka na zaidi, na mshahara wako unahesabiwa mwisho wa mwezi huu. Anza na namba, saa, na maneno machache ya kuulizia. Jioni kumi zinatosha.

Chukua namba. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumebahatika, maana sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mia na elfu tulizitoa kwa Waarabu. Sikio linazijua tayari. Tatizo ni jicho. Kwenye karatasi nyingi za Ghuba tarakimu huandikwa kwa mtindo wao, na mbili kati yake ni mtego. Tano yao ni kiduara, ٥, nasi tunaisoma sifuri. Sita yao ni ٦, inafanana na saba yetu. Sasa angalia: ٦٥ ni sitini na tano, lakini mgeni anaona 70. Mtu akisaini hivyo kule Muscat, kila mwezi atajiona anaibiwa riali 5, atagombana na bosi, na bosi hajamkata hata baisa. Sifuri yao ni nukta, ٠. Na ingawa maandishi yao yanaanzia kulia, namba zinasomwa kutoka kushoto kama zetu. Ziko kumi tu jamani. Zibandike ndani ya mlango wa kabati.

Halafu kuna ile nukta ya desimali. Riali ya Oman ina baisa 1,000, na dinari za Kuwait na Bahrain zina filsi 1,000 kila moja, kwa hiyo huandikwa tarakimu tatu baada ya nukta. 95.500 ni riali tisini na tano na nusu. Sisi tuliozoea shilingi za maelfu tunaona elfu tisini na tano na ushei. Dirishani pa kutuma pesa mtacheka tu, kwenye mkataba hakuna wa kucheka.

Penye vurugu zaidi ni saa. Kwetu saa mbili asubuhi ni 8:00 yao, hilo unalijua. Lakini tazama daftari la dada wa kazi za nyumbani: "Nimeamka kazini saa 11, nimemaliza saa 5." Yeye anamaanisha alfajiri mpaka usiku, yaani 5:00 mpaka 23:00, saa kumi na nane mgongo haujagusa godoro. Siku ya malalamiko, afisa asiyejua Kiswahili anasoma 11:00 mpaka 5:00. Saa kumi na nane zimegeuka sita! Ushahidi wako mwenyewe unakusaliti. Andika kwa saa 24, kila siku, na tarehe pembeni. Kila Ijumaa piga picha ukurasa umtumie mtu wa nyumbani, maana daftari hupotea na simu huweza kuchukuliwa.

Ndugu zangu wa saiti, kwenu kuna ovataimu. Tuseme uko Qatar na mshahara wa msingi ni riali 1,200. Gawa kwa siku 30 unapata 40, gawa tena kwa saa 8 unapata 5. Hiyo ndiyo saa yako moja. Sheria ya huko inataka ovataimu ya kawaida iongezwe si chini ya asilimia 25, kwa hiyo saa moja ya ziada ni 6.25, na saa 40 za mwezi ni riali 250. Ukilipwa 200, umelipwa saa za ziada kwa bei ya saa za kawaida. Emirati nao ni asilimia 25, Saudia ni 50. Ila Qatar na Emirati hesabu inafanywa juu ya mshahara wa msingi, posho ya chakula na ya nyumba haimo. Wengi huchukua jumla yote wakaenda kudai kisichokuwepo, na fomeni akishakushinda mara moja kwa hesabu, mara ya pili hakusikilizi.

Najua kinachosemwa kambini: ukiuliza sana unaonekana mjeuri, mwakani mkataba haurudi. Hofu hiyo si ya bure, wapo mabosi wa namna hiyo. Lakini kusema "mnatuibia" ni jambo moja, na kusema "mwezi huu nina saa 40 za ziada, hapa naona 32, naomba unionyeshe nane zilipo" ni jambo jingine. La pili karani anaweza kulijibu bila kukasirika. Kwa Kiarabu huhitaji mengi: *lau samaht* ni tafadhali, *kam* ni ngapi, *ratib* ni mshahara, *uktub* ni andika. Na ukiambiwa jambo kwa mdomo, litume kwa WhatsApp ukiuliza: "Kesho naanza 6:00, namaliza 16:00, ni sawa?" Akijibu "sawa" umeshapata maandishi.

Kwa bosi anayekataa kabisa kulipa, namba hazitamlazimisha. Huyo ni wa ofisi ya kazi na ubalozi. Ila hata huko swali la kwanza ni: kiasi gani, tangu lini?

Hiyo "tangu lini" ina pesa. Qatar, sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2017 inatoa mapumziko ya siku moja kwa wiki, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka wa kazi. Kwa riali 1,000 kwa mwezi, siku 21 ni riali 700. Miaka mitatu, 2,100. Tarehe ya kuanza kazi ikisogezwa mbele miezi sita tu kwenye karatasi, zimeondoka 350. Usiku wa leo toa mkataba, tafuta tarehe hiyo, uilinganishe na muhuri wa kuingia nchini kwenye pasipoti. Kama pasipoti huna wewe, linganisha na tiketi ya ndege.