Kine si mtu wa mifupa tu

Juma hili tunazungumza juu ya mfanyakazi mmoja wa hospitali ambaye familia nyingi zinamfukuza kando ya kitanda cha mgonjwa, zikidhani zinamtendea mgonjwa wema.

Ni kinezitherapeuti, ambaye hapa kwetu tunamwita kine. Tunamfahamu kwa mguu uliovunjika juu ya pikipiki, kwa mtoto anayechelewa kutembea, kwa watu wanaosaidiwa Heri Kwetu kule Bukavu. Lakini kuna kine mwingine, yule wa mapafu na wa wagonjwa mahututi. Anafika mahali mgonjwa amelala na mpira wa oksijeni puani, anasema: «Tumkalishe. Akohoe.» Hapo mama mkwe anasimama: «Mwache apumzike! Munataka kumuua?» Na siku ya kulipa, wakiona neno kine kwenye fakitire, watu wanasema hawakuomba mtu wa kumkanda mgonjwa.

Tuangalie basi kazi yake ni gani.

Mtu mzima akiwa na afya, anapumua, anageuka, anakohoa, na hata hafikiri. Makohozi yanapanda na kutoka. Lakini mtu aliyepasuliwa tumbo, au aliyelala chali siku nyingi kwa homa kali, anapumua juu juu. Sehemu za chini za mapafu zinajikunja kama mfuko usiojaa hewa. Makohozi yanabaki huko, yanakuwa mazito, na vijidudu vinapata nyumba. Ndiyo maana mtu anaweza kupona ugonjwa uliomleta hospitali, kisha akauawa na nimonia aliyoipatia kitandani.

Na misuli pia inaisha haraka. Uchunguzi uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2013 ulipima paja la wagonjwa mahututi: katika siku 10 tu, msuli ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Kumbe msuli wa kupumua nao ni msuli. Mgonjwa aliyeachwa «apumzike» anaweza kukosa nguvu ya kukohoa.

Kine mkuu wa wagonjwa hao anabeba mizigo mingi. Asubuhi anawapitia mmoja mmoja: anasikiliza kifua, anahesabu pumzi, anasoma kile chombo kidogo cha kidole kinachopima oksijeni ya damu. Anachagua namna ya kulala: kichwa kiinuliwe, ageuzwe ubavu, au alazwe kifudifudi. Hilo la kifudifudi wengi walilisikia wakati wa Covid, lakini lilijulikana mbele ya hapo. Uchunguzi wa mwaka 2013, Ufaransa na Hispania, juu ya wagonjwa 466 wenye mapafu yaliyoharibika sana, ulionyesha hivi: kati ya waliolazwa chali, karibu 33 kwa mia walikufa ndani ya siku 28; kati ya waliolazwa kifudifudi saa nyingi kila siku, 16 kwa mia. Walipewa mashine zile zile. Tofauti ilikuwa namna ya kuwalaza.

Tena anasaidia kutoa makohozi, anashirikiana na waganga na wauguzi kumwachisha mgonjwa mashine ya kupumua pole pole, anamkalisha, anamsimamisha. Anafundisha makine vijana na anajibu kwa kazi yao.

Pia anapaswa kujua siku ya kutogusa. Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi mwingine, wagonjwa 750 waliokuwa kwenye mashine: kuwasukuma wafanye mazoezi mengi zaidi na mapema zaidi hakukuwaongezea faida kuliko mazoezi ya kawaida, na matatizo yaliongezeka, kama moyo kwenda ovyo na presha kubadilika. Kwa hiyo kine mzuri si yule anayelazimisha. Ni yule anayepima leo mgonjwa huyu anaweza kiasi gani, na akiona hawezi, anasimamisha.

Hata chumba chenyewe cha wagonjwa mahututi kilizaliwa kwa kazi ya mikono. Mwaka 1952, mji wa Copenhagen, Denmark, ulipigwa na polio kali. Wagonjwa walikuwa wanakufa kwa kushindwa kupumua, na mashine hazikutosha. Munganga Bjørn Ibsen alishauri wapitishiwe mpira kooni, na hewa isukumwe kwa mfuko wa mkononi. Wanafunzi wa uganga karibu 1500 walipokezana kukamua mifuko hiyo, usiku na mchana, kwa majuma mengi, na vifo vikapungua sana. Sisi ambao umeme unakatika bila kuaga, tunaelewa vizuri maana ya mikono ya watu.

Mama wapenzi, kwetu mikono hiyo mara nyingi ni yetu. Katika hospitali zetu mlinzi wa mgonjwa ni mama, dada, shangazi au bamkwe. Tunapika, tunafua, tunaosha, tunalala chini. Kine anakaa na mgonjwa dakika chache. Saa zinazobaki ni zetu. Basi tumuulize maswali matatu: «Alale namna gani? Tumgeuze kila saa ngapi? Ni dalili gani ikionekana tukuite mbio?» Tusimgeuze wala kumsimamisha kwa akili yetu, maana kuna mipira na vidonda tusivyoviona.

Kwa mama aliyezaa kwa operesheni, kuna jambo ambalo kila kikundi kinaweza kujifunza. Kidonda kinauma, basi anaogopa kukohoa. Akunje kitenge kiwe kama mto mdogo, akibane juu ya kidonda kwa mikono miwili. Avute pumzi ndefu kwa pua, ashike kidogo, aitoe pole pole. Afanye hivyo mara chache, kisha apumzike. Halafu atoe hewa kwa nguvu, mdomo wazi, «haa», kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo, na mwishoni akohoe. Kukohoa hivyo hakupasui kidonda. Muuguzi akimruhusu, aamke na atembee kidogo siku hizo za kwanza.

Kwa mtoto mchanga tuwe waangalifu. Mtoto mwenye mafua yaliyoshuka kifuani, anayepumua kwa kukoroma, tusimpige mgongo nyumbani ili «kutoa makohozi». Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kwa ugonjwa huo wa watoto wadogo kupigapiga kifua hakusaidii, na kunamchosha. Kinachosaidia ni kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, zikifika 60 ni hatari. Kuanzia miezi 2 mpaka 11, ni 50. Kuanzia mwaka 1 mpaka 5, ni 40. Zikifika hapo, au kifua kikizama chini ya mbavu anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, tusingoje asubuhi. Tumpeleke kituo cha afya.

Juu ya fakitire, tunajua pesa ya kuuza samaki au mafuta ya mawese haitoshi vitu vyote. Lakini mbele ya kukata kine ili kupunguza bei, tumuombe munganga atueleze kwa nini alimwandika. Kama mgonjwa yuko kwenye oksijeni, au amepasuliwa, au amelala siku nyingi, huenda hilo ndilo la mwisho la kukatwa. Kikundi chenye sanduku la musaada kinaweza kuliandika jambo hilo katika matumizi yake.

Kwenye mkutano wenu ujao, mwenye saa ailete, na mwenye mtoto mdogo amlete. Muhesabu pumzi pamoja, wote, mpaka kila mama aweze peke yake. Halafu mujaribu na kitenge. Mukikuta maswali, muyaandike, mumpelekee kine wa hospitali yenu.