Fundi asiondoke kabla ya nywila kubadilishwa

Na Mwenda Kirimi

Simama kwenye roshani ya ploti yoyote Makutano, mjini Meru, ufungue orodha ya waifai kwenye simu. Mengi ya majina utakayoyaona yako vile yalivyotoka kiwandani: jina la kampuni, kistari, kisha tarakimu chache. Embu nako ni vivyo hivyo, kuanzia Majengo hadi mitaa ya wanafunzi upande wa Kangaru. Anayetafuta pa kuingilia akiona jina hilo hubashiri kwamba rauta haijaguswa tangu fundi aondoke.

Lalamiko ninalolisikia ni la kasi: jirani ananimalizia intaneti. Jirani anayejitazamia Arsenal bure hanikoseshi usingizi. Ninayemhofia ni yule atakayeandika 192.168.1.1 kwenye simu yake, kisha admin, na admin tena, akajikuta ndani ya rauta yenyewe. Hapo anaweza kugeuza mipangilio, ukitafuta tovuti uipendayo upelekwe kwenye ukurasa bandia. Na akitapeli watu kupitia laini yako, wapelelezi wataanzia kwa anayeilipia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inamtishia mvamizi faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Lakini kwanza apatikane.

Halafu kuna kamera, ambazo sasa ziko kwenye mageti kutoka Nkubu hadi Runyenjes. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikijaribu nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, ikanasa mamia ya maelfu ya kamera na rauta. Novemba mwaka huo Mwingereza Daniel Kaye, aliyekuwa amekodiwa kuishambulia Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, alitumia kundi la kamera za usalama zilizotekwa kwa Mirai. Alifungwa London Januari 2019. Sidhani wenye kamera walijua chochote.

Kinga haimalizi hata chai kikombeni. Badilisha nywila ya waifai na ile ya kuingilia rauta. Ni mbili tofauti, na ya pili ndiyo husahaulika. Kwenye usalama wa waifai, chagua WPA2 au WPA3. Zima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha vifaa, ambayo udhaifu wake unajulikana tangu 2011. Wageni na kamera watengee mtandao wao. Na tafadhali, nambari ya simu iliyopakwa rangi kwenye ukuta wa duka lako isiwe nywila.

Ila kwa nini nyanya wa Mikinduri, aliyewekewa intaneti na wajukuu, alazimike kujua WPS ni mdudu gani? Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, ni marufuku kuuza kifaa cha nyumbani cha intaneti chenye nywila moja kwa wote. Mamlaka yetu ya Mawasiliano tayari huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa nchini, kwa hivyo iliongeze sharti hilo kwenye orodha yake. Kampuni nazo zinazovuta faiba nguzo kwa nguzo zimlipe fundi dakika kumi zaidi, na asitiwe saini karatasi yake ya kazi mpaka mwenye nyumba awe ameandika nywila mpya kwa mkono wake, fundi akiwa ametazama kando.